Dawa ya Kuendesha

Jumatatu, 3 Julai 2006. Kibomet, Kitale.

Edinah ameenda kwao Mabanga, huko Bungoma. Ujumbe kamwachia jirani yetu Nderitu, si mimi mumewe: ati goti la mama yake linamsumbua. Goti hilo ni zima. Sababu ni chai ya jana, na ninaijua.

Wamama wa kanisa walikuja kwetu, ilikuwa zamu ya Edinah kuwapokea. Nikawapikia mwenyewe. Mume gani hufanya hivyo? Chai ya mwarobaini, bila sukari, bila maziwa. Badala ya mkate, viazi vitamu vibichi vilivyokwaruzwa. Walionja huku wakitazamana. Mwenyekiti wao, Phelista, akaomba sukari. Nikamweleza kwa upole, mbele ya wote, kwamba sukari ndiyo imemvimbisha miguu. Edinah akatazama sakafu. Leo asubuhi nimekuta mwarobaini wote umemwagwa kwenye maua ya mlangoni.

Sasa naona haya. Jana sikuona. Jana nilidhani nimesaidia.

Jumanne, 4 Julai

Nimempigia Edinah simu. Amesema baba yake, Mzee Wakhungu, ananitaka huko Jumamosi nijieleze. Nikijieleza vizuri, tunarudi pamoja. Nikijieleza vibaya, kaka zake watakuja na pikapu kuchukua vitu vyake. Miaka kumi na tisa ya ndoa, halafu pikapu!

Daktari alinipima presha mwezi uliopita, akanipa tembe. Ziko kwenye droo, sijazifungua. Tembe ni za watu wasiojua majani. Mimi Hesbon nina daftari la kurasa arobaini za dawa za asili, nimenakili kutoka redioni, sokoni na kwa watu nisiowajua majina.

Kinachoniuma ni Nderitu. Kila jioni anakula mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, na chapati tatu pale uani kwake, na alipopimwa, presha yake ni ya kijana. Leo ameniambia kupitia ua nimfuate mke wangu kabla hajazoea kwao. Sikumwomba ushauri. Lakini nyumba imenyamaza kweli. Nimekula karoti jikoni nikiwa nimesimama.

Alhamisi, 6 Julai

Nimepata mpango. Ukweni sitaenda na maneno matupu, nitaenda na ushahidi. Wakiniona mwembamba, ngozi inang'aa, watajua Edinah ameolewa na mtu anayejua anachofanya. Shida ni kitambi.

Ukurasa wa thelathini na moja: kusafisha tumbo. Aloevera, vitunguu saumu kumi, ndimu sita, kijiko cha magadi. Wanasema kikombe kimoja kwa wiki. Mimi sina wiki. Nimekunywa jagi.

Ijumaa, 7 Julai

Tumbo limesafishika. Bado linasafishika. Mara kumi na moja tangu alfajiri.

Sikuenda kazini. Bosi wa ghala la mahindi ninakofanya ukarani amepiga simu, nikamwambia ni malaria. Akanipa pole. Nderitu naye ameleta uji, nikamwambia situmii vitu vya sukari. Alipoondoka nikaunywa wote na kulamba bakuli. Mkanda umeingia tundu mbili, hata hivyo.

Jumamosi, 8 Julai. Bungoma, gesti.

Naandika nikiwa nimelowa. Sijui nianzie wapi.

Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawashikani mkono. Wakionana kwa mbali, mmoja anakata kona. Na choo cha ukweni mkwe haingii, unajikaza mpaka ufike kwenu. Nayajua haya tangu utotoni. Ndiyo maana nilipita kwanza Bungoma mjini kutafuta dawa, maana tumbo lilikuwa bado halijatulia.

Karibu na msikiti kuna Mzee Hamid, anauza mizizi na magome. Nikamwambia nataka dawa ya kuendesha. Akauliza, ya kiasi au kali? Nikasema kali kabisa, naenda ukweni. Akanitazama sana. Akauliza tena kama kweli ni ukweni. Nikaona ananipotezea wakati. Nikanywa chupa nzima pale pale.

Mzee Wakhungu alinipokea vizuri. Kaka wawili wa Edinah walikaa ukutani, mikono kifuani. Edinah alileta maji ya kunawa bila kuniangalia. Kuku alikuwa amechinjwa, na kuku wa ukweni hakataliwi. "Kura, mkwe, kura," mzee akanihimiza kwa matamshi yake, nikala kama mtu aliyeshindia karoti siku tano. Kisha nikaanza kujieleza. Nilikuwa naenda vizuri bana! Hata kaka mmoja alishusha mikono. Nilikuwa nimefika pale pa kusema kwamba mwili wangu sasa unanitii. Hapo tumbo likajibu, na wote wakasikia.

Nikasema naenda kupokea simu. Simu ilikuwa mezani mbele yao.

Nikakimbia kwenye kijia cha katikati ya mahindi. Mlango wa choo ukafunguka, akatoka mama mkwe. Hatua mbili kati yetu. Akajifunika leso usoni, akaruka ndani ya mahindi ya nyuma ya choo. Mimi nikaruka ndani ya choo.

Sasa, kijia cha kurudi nyumbani ni kimoja, na kinapita mbele ya mlango wa choo. Mama mkwe hangeweza kupita mimi nikiwa humo. Mimi nami singeweza kutoka, dawa ya Mzee Hamid ilikuwa imeanza kazi. Halafu mvua ikanyesha, mvua ya Bungoma ya saa tisa. Nilimsikia akikohoa huko mahindini. Kama nilimsikia akikohoa, basi na yeye alinisikia. Alinisikia kwa saa nzima.

Edinah akaja na mwavuli. Nikasema pole kupitia mlangoni. Hakusimama, mwavuli ulikuwa wa mama yake.

Nilipoweza kutembea nikapita shamba la jirani mpaka barabarani. Sikuaga. Simu imebaki kule mezani. Kwetu kuna neno chisoni, ile aibu ya kuheshimiana na wakwe. Leo nimeimaliza yote, sijui watoto wa ukoo wetu watatumia ipi.

Jumapili, 9 Julai. Kitale.

Asubuhi nilimwendea Mzee Hamid nikiwa na hasira. Akasema dawa ya kuendesha huendesha. Kama nilitaka ya kuzuia, si ningesema ya kuzuia? Nikamwambia dawa ya malaria haileti malaria. Akafikiri, akasema hilo nalo neno, akanipa gome la kufunga tumbo bila malipo. Nikalitafuna njiani. Tangu hapo limefunga kabisa, hata hewa haipiti.

Jioni Mzee Wakhungu akapiga simu kwa Nderitu. Kwa hiyo Nderitu anajua. Aliniletea simu mdomo umejaa chapati, macho yanamtoka machozi ya kicheko.

Mzee hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniumiza. Alisema mambo mawili. Nipeleke blanketi zito kwa mama mkwe, maana ameshikwa na homa. Na niape sitakunywa dawa yoyote isipokuwa ya hospitali. Nikiapa, Edinah atarudi, lakini ni mara hii tu. "Sema sitakunywa." Nikasema sitakunywa. Nililia kidogo, Nderitu akaangalia kando. Nampenda Edinah. Sijamwambia miaka mingi, nimekuwa nikimwambia habari za figo na wengu tu.

Jumatano, 12 Julai

Edinah amerudi! Alifika saa kumi. Amepika chai ya maziwa yenye sukari nami nimekunywa bila neno. Nilimwomba msamaha, akasema amesikia. Begi lake liko kando ya kabati, hajalifungua. Safari imemchosha.

Kiapo nimekishika. Tangu Jumapili sijanywa dawa yoyote. Ila nimekipima kiapo neno kwa neno, na mzee alisema kunywa. Hakusema kuvaa. Cheptoo anayetuletea maziwa kutoka Endebess anasema kitunguu kibichi kikikaa ndani ya soksi huvuta presha kupitia nyayo. Nimeweka vipande vitatu kila mguu tangu asubuhi. Presha naisikia ikishuka.

Wakati wa kula Edinah akauliza kinachonuka ni nini. Nikasema ni jiko la Nderitu. Akaangalia miguu yangu, akaiangalia kwa muda mrefu. Niliona haya kidogo, nikaificha chini ya kiti. Kesho nitaongeza kitunguu saumu.

Sasa amelisogeza begi mpaka mlangoni. Nadhani anataka kupiga deki.