Dirisha la Elspeth

Jumatatu, 7 Aprili
Siku ya tisa ya ndoa! Elspeth bado amelala, na mimi nampenda hadi kifua kinauma. Nyumba tuliyopewa langoni mwa shamba ni nzuri ajabu: nguzo mbili nene mbele, juu yake pembetatu ya mawe, kama hekalu dogo lililopotea njia likaishia Uskoti. Ndani, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Elspeth anasema anakosa kitu kimoja tu: jua la asubuhi chumbani. Nikamwahidi kulifungua dirisha la mashariki, nikidhani limezibwa kwa ndani tu. Nikatoka na patasi. Jamani! Si dirisha. Ni jiwe lililopakwa rangi nyeusi, na mistari myeupe ya kuigiza vioo! Nimedanganywa na nyumba.

Jumanne
Nimemwendea Bi Rintoul, msimamizi wa shamba zima, mwenye funguo na ulimi. Akasema hata kondoo wa hapa wanajua. Upande mmoja dirisha la kweli, upande wa pili la uongo, ndipo nyumba ipate uso. Nyuma ya lile la uongo linapita bomba la moshi. "Ulitaka nyumba yenye chongo, kijana?" Akanikumbusha kwamba tuko kwenye miezi mitatu ya majaribio katika nyumba hii. Nikiharibu sura ya nyumba, mimi na bibi harusi wangu tunafungasha. Kijana! Mimi, mume wa mtu!

Jumatano
Wazo! Nimepamba, sikuharibu. Nimechora pazia jekundu, chungu cha maua, na Elspeth akitabasamu dirishani. Kutwa nzima kwenye manyunyu! Elspeth akauliza huyo mwanamke ni nani. Nikasema ni yeye. Akauliza kama kweli pua yake iko hivyo. Nikaibusu. Tarishi wa posta akaipungia picha mkono mara mbili, halafu akaja mlangoni kulalamika kwamba mke wangu ana maringo.

Alhamisi
Bi Rintoul kaona. Eti nimegeuza hekalu kuwa hema la sarakasi! Kesho adhuhuri madirisha yawe yanafanana, ama tuondoke. Uonevu! Nimemfuta mpenzi wangu kwa mkono wangu mwenyewe, machozi yakinitoka. Nikapaka nyeusi, nikachora vioo upya. Elspeth akaniletea chai, akahesabu. Nimechora safu tano. Dirisha la kweli lina nne. "Futa tu, mpenzi, uanze tena." Kufuta! Mara ya pili kwa siku moja! Mwanamume ana heshima yake.

Ijumaa
Nimeamka na jibu. Yafanane, alisema; hakusema lipi limfuate mwenzake. Nikalipaka dirisha la kweli rangi nyeusi, vioo na mbao zake, nikachora safu tano. Adhuhuri Bi Rintoul akasimama barabarani, akahesabu kushoto, akahesabu kulia, akarudia. Akakiri, kama mtu anayeng'olewa jino, kwamba yanafanana. Tumebaki! Nikakimbilia ndani kumkumbatia Elspeth, nikakumbatia koti. Yeye alikuwa anapaka mkate siagi kwa mwanga wa taa, mchana kweupe. Akasema sasa hana jua la asubuhi wala la jioni. Kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni. Nimeoa malaika.

Jumamosi
Malaika wangu kajikwaa gizani kwenye viatu vyake, kaumia goti. Mhuni gani alijenga nyumba bila kabati la viatu? Nilitoka nimefura, nikaipiga ngumi nguzo ya kushoto. Ikalia kama ngoma! Mbao tupu, na ndani ni wazi hadi juu. Itameza jozi ishirini za viatu. Nimeshaunoa msumeno.