Kilembwekeza wa Dinosau

Jumanne, 4 Machi
Dada anahamia chuoni Jumamosi. Anafunga sanduku huku anaimba. Anaimba! Zamani tulikuwa tukiunganisha vitanda vyetu, chumba kizima kinakuwa bara moja, na dinosau wetu wa udongo wanaenea mpaka kabatini bila kulowesha ukucha. Ndivyo ilivyokuwa kweli: ardhi ilikuwa moja, wakatembea wakaijaza, kisha mabara yakaachana. Mpango: Ijumaa kuna maonyesho ya sayansi shuleni. Dada atakuja, atakumbuka, ataghairi safari.

Jumatano, 5 Machi
Nimekata shuka kutengeneza mabara. Kumbe lilikuwa shuka jipya la dada, la chuoni! Akaniita mjusi. Nikamweleza kwa upole kwamba dinosau hakuwa mjusi. Miguu yake ilisimama wima chini ya mwili. Akasema basi niitumie hiyo miguu kabla hajanishika.

Alhamisi, 6 Machi
Kiranja wa darasa ana volkano inayotoa moshi. Akauliza mbele ya wote kama matambara yangu ni ya kupigia deki. Lazima nilete ushahidi hai. Jirani yetu, fundi cherehani, amekubali kuniazima kuku, ila ameapa kwamba ukipungua unyoya mmoja, mayai ya wiki nitataga mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Nilianza vizuri. Dinosau wa kwanza walikuwa wadogo, wa miguu miwili, wakiishi kwa adabu chini ya utawala wa jamaa za mamba, mpaka wengi wa jamaa hao walipoangamia. Nikamwinua kuku: huyu ni mjukuu wa dinosau! Mwalimu wa sayansi akasema mjukuu ni karibu mno. Kitukuu, basi. Akatikisa kichwa. Kilembwe! Kilembwekeza! Hapo Kiswahili kikaniishia, kuku akaruka, akatua ndani ya volkano. Kiranja akapiga kelele kwamba ukoo mzima hauna adabu.
Dada, nyuma ya ukumbi, alicheka mpaka akafuta machozi. Njiani akauliza kama namkumbuka yule wetu wa udongo aliyekatika mkia. Nilikuwa naye mfukoni. Nikasema simkumbuki vizuri, ili anisimulie.

Jumatatu, 10 Machi
Amekwenda. Chumba kikubwa mno. Nimemwandikia mkuu wa chuo barua, nikijifanya daktari: binti huyu ana maradhi ya nadra, asilale mbali na kwao. Maradhi nimeyapa jina la silabi kumi na mbili. Nilipokwisha kuituma nikakumbuka kwamba dada ndiye aliyenifundisha kuandika. Mwandiko wetu ni mmoja. Watadhani kajiandikia mwenyewe, kwamba anatamani kurudi.
Safi kabisa!