Jenerali na Kisura Chini ya Ulinzi Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Balaa. Kisura ameingia kwenye joto. Matone ya damu sakafuni, na Jenerali nyuma yake kama karani anayefukuzia sahihi ya bosi. Kisura ni mbwa wa shemeji yangu, dada ya mke wangu, aliyehamishwa kikazi akatuachia. Jenerali ni wangu. Na mwenye nyumba, anayeishi nyumba ya mbele na kusikia kila kitu, alishasema: mbwa wawili, mwisho. Akiona wa tatu tufungashe virago.

Mke wangu kasema Jenerali apelekwe akahasiwe. Nikajikuta nimekunja miguu. Nikamwambia Jenerali ni dume mwenye heshima zake. Akauliza mbona naongea kana kwamba ninayepelekwa ni mimi.

Nimepita kwa daktari wa mifugo, kuuliza tu. Dada mmoja mpole, anaongea polepole mno. Akasema niwatenganishe wiki tatu, mlango na ufunguo. Kisha akaanza kusema kwamba damu ikianza kukauka, hapo ndipo... Nikamkatiza kwa adabu. Nimefuga mbwa yeye hajazaliwa.

Jumatano, 5 Machi
Mpango wa zamu. Asubuhi Jenerali uani, Kisura sebuleni. Jioni wanabadilishana. Safi kabisa, isipokuwa ule wakati wa kubadilishana: mlango mmoja, mbwa wawili, mimi katikati. Nimeangukia beseni la nguo. Jenerali nilimdaka mguu wa nyuma, kwa bahati tu. Mke wangu alipita na kikombe chake cha chai, akaniruka.

Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa anachungulia juu ya ukuta. Akanipa pole, akaongeza kwamba mbwa wake jike alifungwa kizazi zamani, sasa ni kula na kulala. Nani kamuuliza?

Ijumaa, 7 Machi
Akili imenijia bafuni: nguo! Nimechukua bukta yangu, nikatoboa tundu la mkia, nikamvalisha Kisura na mkanda juu. Alipendeza. Mke wangu akauliza kama hiyo si bukta aliyoninunulia yeye. Ndiyo yenyewe.

Kufika mchana Jenerali alikuwa ameitafuna yote. Umebaki mkanda na mfuko mmoja. Kisura salama, nilikuwa nao chumba kimoja, lakini ilikuwa patashika. Nikapeleka mabaki kwa fundi cherehani anishonee nyingine ya kitambaa kigumu. Alicheka mpaka akashikilia mashine, kisha akawaita wateja wake waje wasikilize. Mimi na yeye, kuanzia leo, salamu basi.

Jumapili, 9 Machi
Tatizo ni harufu. Ukiua harufu umeua tatizo. Nimemnyunyizia Kisura marashi ya mke wangu, yale ya kwendea harusini, chupa ikaisha.

Jenerali amechanganyikiwa kweli. Sasa anamfuata mke wangu. Kamfuata mpaka kwenye kikao cha akina mama, akalala miguuni pake, akakoroma mwanzo mwisho. Nimeambiwa nihamie sebuleni. Nalala na Kisura upande mmoja wa mlango, Jenerali analia upande wa pili.

Alhamisi, 13 Machi
Ushindi. Sakafu kavu, damu imekwisha. Tena Kisura, aliyekuwa akimfokea Jenerali kila akimsogelea, leo anamkimbilia mwenyewe na mkia kauweka pembeni. Maana yake ni wazi: mambo ya mwili yamepita, umebaki urafiki. Nimefungua milango yote.

Mke wangu akauliza kama nimemuuliza daktari. Nikamwambia macho ninayo. Nikaenda kwa fundi cherehani, bila salamu, kumtangazia, nikakaa huko muda mrefu kuonyesha sina wasiwasi. Niliporudi nikawakuta wamelala kivulini, wametulia kama wazee waliomaliza kikao. Niliguswa sana.

Jumanne, 29 Aprili
Kisura amenenepa. Nimelaumu ugawaji wa chakula. Mke wangu akaita daktari.

Daktari akampapasa tumbo, akauliza niliwaachia lini. Nikasema damu ilipokauka. Akafumba macho kidogo. Akasema ile ndiyo sentensi niliyomkatiza: damu inapoanza kukauka ndipo jike humkubali dume. Nikamwambia angejifunza kuongea haraka.

Ijumaa, 16 Mei
Saba. Chini ya meza ya jikoni, juu ya koti langu la mvua.

Mwenye nyumba alibisha hodi kabla ya chai. Nilikuwa chooni, nikaona nibaki humohumo. Nikamsikia mke wangu akimwomba asitutoe, watoto wetu wanasoma shule ya hapahapa, twende nao wapi. Akaahidi kwamba Jenerali atahasiwa, na watoto wa mbwa wakiacha kunyonya watatoka wote, asibaki hata mmoja. Mwenye nyumba akakubali, akasema hakutakuwa na mara ya pili. Niliona aibu ya kweli humo ndani. Nikamwapia mke wangu kupitia mlango kwamba nimekoma.

Jumamosi, 12 Julai
Amani. Jenerali alipelekwa na mke wangu mwenyewe. Akarudi, akala, akalala. Hana kinyongo. Mimi ndiye niliyeugua.

Watoto wa mbwa wamepata kwao. Hata fundi cherehani kachukua mmoja, tunasalimiana tena. Mke wangu anaamini wametoka wote saba. Wametoka watano. Wawili wapo stoo nyuma ya mapipa, nawapelekea maziwa nikisingizia kutafuta nyundo. Mmoja ana uso wa Jenerali kabisa, dume. Mwenzake ni jike, nisingeweza kumwacha dume peke yake gizani.

Leo nilikutana na daktari njiani, nikamuuliza, eti kwa niaba ya rafiki yangu, kuhusu kufuga kaka na dada pamoja. Akaanza kusema kwamba mbwa hawajui undugu, na wakishafikisha umri wa... Nikamkatiza kwa adabu. Hawa ni wa tumbo moja, wanaheshimiana. Nimefuga mbwa yeye hajazaliwa.