Sheria Yangu ya Kivuli

Jumatatu, 3 Machi

Pikapu la jirani limelala tena juu ya nyasi. Magurudumu mawili barabarani, mawili juu ya mizizi ya mti wa mpakani, na pua imevuka mpaka hadi mbele ya geti langu. Langu! Gari langu dogo nimeliacha kule kona kama mgeni asiyealikwa. Na yeye, daktari wa meno, ananipungia mkono kutoka barazani huku anapiga mswaki. Anatabasamu. Meno yote yapo!

Ingekuwa siku nyingine ningemeza. Lakini mama mkwe anakuja Jumamosi. Ametoka kupasuliwa nyonga, na daktari wake (daktari hasa, si wa meno) amemkataza kutembea. Mke wangu kanikumbusha asubuhi, kanikumbusha jioni: mama ashukie getini. Nimeapa atashukia getini. Tangu nilipoposa, mama mkwe ananiona debe tupu. Yeye alimtaka mpima ardhi. Basi Jumamosi ataona debe lina nini ndani.

Mke wangu anasema nimwombe tu jirani asogeze pikapu. Nimwombe! Niombe haki yangu kama naomba chumvi! Mke wangu ni mtu mwema, lakini siasa haijui.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa yake.

Kesho kuna kikao cha mtaa kuhusu mti huohuo. Upande mmoja umeanza kukauka, na Mwenyekiti anasema ni magari yanayopanda kwenye nyasi. Mimi na miti hatuna undugu, ila asubuhi nilisimama getini na kikombe cha chai, nikatazama. Kivuli chote kimeangukia wapi? Juu ya pikapu! Limejifunika gubigubi kama mtoto wa tajiri. Getini kwangu hata tone la kivuli hakuna, jua tupu. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Mke wangu aliuliza nacheka nini. Nikamwambia nawaza mazingira.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Niandike upesi kabla sijasahau hata neno.

Tulikutana uani kwa Mwenyekiti, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa huu, na bado anatusemesha kana kwamba hatujaota meno. Alieleza kwamba ardhi imekandamizwa ikawa ngumu kama saruji, maji hayashuki, mizizi haipumui. Alitaka tupange mawe kuuzunguka mti. Wenye magari wakawaka. Fundi wa friji akauliza kama gari lake alale nalo kitandani. Mwingine akasema mti haulipi kodi. Makelele matupu.

Ndipo nikasimama. Nikakohoa kwanza. Nikasema mti ni mzazi wetu sote (mke wangu akanitazama kwa mshangao). Nikasema mizizi huenda mpaka kivuli kinapofika. Sijui kama ni kweli, lakini ilisikika kama kweli. Kwa hiyo sheria iwe moja, nyepesi, hata mtoto aielewe: gari lisisimame penye kivuli cha mti.

Daktari wa meno akauliza vipi mtu akitaka kumshusha mgonjwa mara moja tu. Ujanja huo nikauona unakuja. Nikasema hata kumshusha mtu hapana! Hata mara moja! Atakayekaidi, mlinzi wa mtaa amfunge gurudumu kwa mnyororo na kufuli, mpaka kikao kijacho. Makofi yakapigwa. Akauliza tena, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama sheria itambana kila mtu, kutwa nzima. Nikaweka mkono kifuani. Nikasema kuanzia mimi, toka macheo hadi machweo!

Akatabasamu. Akanyoosha mkono kuiunga mkono. Mjinga!

Alhamisi, 6 Machi

Pikapu halipo! Limehamia kona, palepale nilipokuwa natupwa mimi. Nimemwona jirani anatembea kuja kwake na mkoba mkononi. Nikampungia mkono. Nilikuwa na mswaki mdomoni, makusudi.

Mwenyekiti amekuja na jembe kulegeza udongo kwenye mizizi. Ameniita mlezi wa mti. Nimeitika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeosha gari. Nimepangusa kiti cha mama mkwe kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Sina hamu ya kuandika. Lakini dhuluma lazima iandikwe.

Nilifunga duka la mapazia mapema, nikamchukua mama mkwe kwa shemeji. Njiani nikamweleza jinsi nilivyousafisha mtaa. Akaguna. Kwake huo ni karibu sifa. Tukaingia mtaani jua limeinama, nikakata kona kifua mbele, na nikaona geti langu.

Giza! Kivuli kimetanda getini kwangu, kipana, kimetulia, kama kimelipa kodi ya pango. Na pale pa pikapu, jua linawaka!

Miaka yote hii asubuhi natoka kwenda dukani, narudi giza limeingia, na Jumapili mchana huwa nimelala. Nani aliwahi kuniambia kwamba kivuli kina miguu?

Mlinzi alikuwa amesimama pale na mnyororo wake, amevaa kofia ya sherehe. Nikamwambia kwa ustaarabu kwamba huyu ni mgonjwa. Akasema sheria yasema hata kumshusha mtu hapana. Nikamwambia si mimi niliyeingia kivulini, ni kivuli kilichonifuata. Akasema hiyo nikaieleze kikaoni. Mama mkwe, kutoka ndani ya gari, akauliza kwa sauti ni mpumbavu gani aliyetunga sheria ya namna hiyo. Mlinzi ni mtu mkweli. Akamwambia.

Jirani akatoka, akaniita niegeshe mbele ya kwake, kuna jua, karibu. Kwake! Bora nife. Nikazunguka mtaa mzima nikidhani kivuli kitachoka kitaondoka. Nikarudi, kimerefuka! Nikazunguka tena. Kwenye kila tuta mama mkwe alilia nyonga, na nakiri kila kilio kilinichoma. Mwisho nikasema liwalo na liwe, nikapiga breki getini. Hata mlango sijaufungua, nikasikia kufuli: kwaa! Kwa mbio zile mlinzi hajawahi kuwakimbiza wezi.

Basi tukakaa. Gari limefungwa, mama mkwe ndani, mke wangu mlangoni amejishika kichwa, majirani wametoka na watoto wao. Uso wangu sikujua niuweke wapi.

Akaja daktari wa meno anasukuma kiti cha kazini kwake, kile chenye magurudumu. Akamwinua mama mkwe taratibu kama anainua yai, akamkalisha, akamsukuma hadi sebuleni kwangu. Mimi nilibeba magongo nyuma yao. Mama mkwe akamwita mwanangu. Mimi, miaka yote hii, ananiita “baba nanihii”.

Hata hivyo, ukweli usemwe: ameshukia getini. Niliapa, na nimetimiza.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amepata chai, tena kwa mikono ya jirani, aliyekuja kumjulia hali na kumtazama jino moja. Akaniambia mbele ya mke wangu kwamba pikapu angelisogeza tangu Jumatatu, kama ningesema tu. Mke wangu aliosha vikombe kwa kelele.

Kwa hiyo kosa ni langu? Mtu avamie nyasi, aue mti, halafu alaumiwe aliyeutetea! Mama mkwe kaniuliza kwa nini sikwenda kumwomba. Nimemjibu kwamba kuna mambo ya kanuni. Akauliza yule mpima ardhi siku hizi yuko wapi.

Gari bado lina mnyororo hadi kikao cha Jumatano. Mke wangu ananitaka nikasimame pale, niombe radhi, nikubali yale mawe ya Mwenyekiti, tupange zamu za kuegesha na jirani, mambo yaishe. Mawe! Zamu!

La hasha. Shida ilikuwa kivuli, kigeugeu kile. Mwenyekiti mwenyewe kasema majani yanayodondoka ndiyo mbolea ya mti, yasikanyagwe. Hapo ndipo nitakapoanzia: gari lisisimame yanapodondoka majani. Adhabu iwe minyororo miwili. Na safari hii sikukurupuka. Nimetoka nje asubuhi nikahakikisha kwa macho yangu. Upepo unavuma kuelekea kwake.