Mnara wa Marwa

Inatangazwa kwa umma kwamba mnara wa mawe ulio kando ya barabara ya Kombewa, ambao kwa miaka mingi umesimama bila idhini, sasa unasimama kisheria. Nasema hivi mimi Farouk, Mkuu wa Idara ya Kulinda Vitu Vilivyosimama, niliyehamishiwa Kisumu kutoka Nairobi miezi mitatu iliyopita. Kwa kweli walichelewa kunileta.

Utafiti niliufanya mwenyewe. Nilishuka garini nikamkuta Mama Ajwang akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta yenye nyama kidogo, moshi wote ukiupanda urithi wa taifa. Nikamuuliza mnara huu ni wa nani.

"Marwa," akasema, bila kuinua macho.

Nikaandika. Kufika Ijumaa kamati yangu ilikuwa imethibitisha kwamba Mzee Marwa alikuwa shujaa, alikuwa na urefu wa futi sita, na hakupenda moshi. Kurasa arobaini zikaenda makao makuu. Nilipongezwa kwa barua.

Kanuni ikafuata: hatua hamsini kutoka mnarani, marufuku kuuza, kuegesha gari wala kuzubaa, isipokuwa kwa jamaa wa mwenye mnara. Mama Ajwang akapewa siku saba.

"Bosi, hapa ndio nimesomeshea watoto wanne," akaniambia. "Wa mwisho bado yuko shule. Sasa unataka nikaangie wapi, kwa nyumba yako?"

Nilimwonea huruma, sitaficha. Lakini huruma haina fomu.

Siku ya uzinduzi mgeni wa heshima alivuta pazia, jiwe la marumaru likaonekana: MNARA HUU NI WA MARWA. Watu walishangilia kupita kiasi nilichokuwa nimeomba. Wengine walikaa chini kwa kucheka. Na Mama Ajwang alikuwa palepale na karai lake.

"Mama, siku saba zimeisha."

"Mimi ni jamaa ya mwenyewe."

"Una ushahidi?"

"Soma hiyo jiwe."

Nikamgeukia karani wangu Seline, mzaliwa wa hapo, aliyechapa kurasa zote arobaini. Nikamuuliza kama huyu mama ni wa ukoo wa Marwa.

"Sisi wote, bosi. Marwa ni Kijaluo. Maana yake ni 'yetu sote'."

"Na hukuniambia?"

"Ulisema nichape tu, maoni nikae nayo."

Kuling'oa jiwe kunahitaji barua yangu kwa makao makuu, nikieleza kwamba shujaa niliyempima urefu hajawahi kuzaliwa. Barua hiyo bado naitafakari. Wauzaji sasa wamefika kumi na mmoja, na wote ni jamaa.

Jana njaa ilinibana nikaegesha gari kando ya mnara. Mama Ajwang alifuta mikono, akaja dirishani kwa adabu zote.

"Pole, bosi. Hapa ni jamaa tu. Kanuni ni yako, si yangu."

Nikarudisha gari nyuma hatua hamsini, nikamtuma Seline akaninunulie.