Mlinzi wa Sangula Halisi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Msiba! Shemeji yangu Beatus kanionesha video kwenye simu: Wanorwe wanacheza sangula. Juu ya theluji! Na mabuti miguuni! Walifundishwa na muuguzi wao mmoja aliyewahi kuishi hapa Ifakara. Viuno vimekakamaa kama milango, makofi yanaanguka popote. Halafu wanacheka! Ngoma ya mababu zetu! Nimeamua: nitailinda. Mke wangu Digna kauliza nani kaniteua. Nimemjibu: historia. Kasema historia ikimalizana nami, nikafukuze kuku kwenye turubai la mpunga.

Jumanne, 10 Juni

Kamati ya Kulinda Sangula Halisi imeundwa. Mwenyekiti: mimi, Nazari. Katibu: Beatus, baada ya kuahidiwa soda. Adui: Brigitha, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha akina mama hapa mtaani kwetu Mlabani. Anawasiliana na hao Wanorwe na kuwasifia! Leo kasema mbele ya watu, pale kwa fundi cherehani, kwamba hajawahi kuniona nikicheza hata harusini. Fitina tupu. Nina goti. Kwamba linauma ngoma zikianza tu, hilo ni suala la madaktari.

Alhamisi, 12 Juni

Jumamosi Brigitha atawapigia Wanorwe simu ya video. Lakini silaha ninayo! Shangazi Agnella wa Lupiro, dada yake marehemu baba. Enzi zake, akiingia uwanjani wenzake walikaa pembeni kumtazama. Tangu mumewe Fulgensi afariki mwaka jana, hachezi, haongei, chakula anakidonoa tu. Nimevuka daraja la mto kwa bodaboda kumfuata. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza kazi ni nyepesi: atazame, kisha aseme, "Hii siyo." Basi. Njia nzima nimemfanyisha mazoezi. Yeye anatazama mto tu. Digna kasema nimwache mzee wa watu apumzike. Wanawake hawaelewi mikakati.

Jumamosi, 14 Juni

Uwanjani kwa Brigitha. Uchungu ulioje! Lakini televisheni kubwa ni yake, na bando ni lake. Wanorwe wakatokea. Wakamwamkia Shangazi shikamoo kwa pamoja, vibaya sana. Wakaanza kupiga ngoma na kucheza, wakicheka. Nikamgusa Shangazi kiwiko. Macho kwenye televisheni. Nikamgusa tena. Akageuka.

"Nazari, ongeza sauti."

Nikaongeza, nikidhani anataka ushahidi zaidi. Akasimama. Akajifunga kanga kiunoni. Nikajua sasa anatoa hukumu. Akacheza!

Akacheza, jamani! Taratibu, halafu si taratibu. Wanorwe wakaacha kucheka, wakawa wanamfuata kiuno kwa kiuno. Brigitha kapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Digna alikuwa analia waziwazi. Mimi vumbi liliniingia machoni, yote mawili.

Alipokaa nikamuuliza kwa msisitizo: ile ya kwao ndiyo sangula kweli? Kasema wanarukaruka mno. Lakini hata yeye na Fulgensi, walipokuwa vijana, wazee waliwagombeza kwamba wanaiharibu. Akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake. Kisha kaomba ugali na samaki. Kaomba mwenyewe! Kala, kaongezewa.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa habari ni hiyo moja tu. Shangazi atawafundisha Wanorwe kila Jumamosi. Brigitha kampa chumba alale akija. Asubuhi, kabla hajapanda bodaboda kurudi Lupiro, Shangazi kanishika mkono na kunishukuru kwa kumleta. Nimefurahi, siwezi kukataa. Furaha kubwa.

Lakini kazi ni kazi. Mchana nimeirudia video ya jana aliyoirekodi Katibu, mara nyingi, polepole. Na nimeona jambo zito. Bega la kushoto la Shangazi linapanda kabla ngoma haijalia. Kabla! Hiyo si sangula halisi hata kidogo, na Wanorwe wote wameshaiga!

Nimeitisha kikao cha dharura. Beatus kajiuzulu, kwa hiyo azimio limepita bila kupingwa. Kesho alfajiri naenda Lupiro kumrekebisha Shangazi.