Visanduku Kumi na Vinne vya Kambi ya Macho

Jumatatu, 2 Machi 1998

Fomu imekamilika saa tano kasorobo asubuhi. Visanduku kumi na vinne vya kuandikia kwenye kioo kimoja cha kompyuta: jina, umri, kijiji, jicho la kulia, jicho la kushoto, sukari, presha na kuendelea. Nilivichora kadiri vilivyonijia kichwani, kisha nikavivuta kimoja kimoja kwa kipanya mpaka vikakaa safu mbili zilizonyooka. Nilipima kwa rula juu ya kioo. Hakuna fomu nzuri kama hii kusini ya Likoni.

Jumamosi ya tarehe 14 madaktari wa macho watakuja hapa zahanati. Watapasua watu arobaini na mmoja wenye mtoto wa jicho. Orodha inatakiwa. Mpaka leo orodha ni boksi la kadi la Bi Twaiba, karani wa masjala tangu nilipokuwa darasa la kwanza. Bi Twaiba anastaafu Juni. Meza yake iko chini ya feni. Sista Veronicah, mkuu wetu, amesema atakayeshika masjala atajulikana baada ya kambi.

Nia yangu: masjala. Feni pia.

Mgonjwa mmoja ni mjomba wangu, Mzee Dzombo, mshona kofia. Jicho lake la kulia limefunga. Anashonea la kushoto. Ndiye aliyenilea. Nimemwahidi atakuwa wa kwanza kupasuliwa.

Jumanne, 3 Machi

Nimemkabidhi Bi Twaiba programu. Shikamoo kwanza, kisha kibodi. Akasema kibodi anaijua. Alipiga taipu miaka kumi na mmoja kwenye ofisi ya kiwanda cha sukari kabla hakijafungwa. Nikamwonyesha kipanya. Akakishika, akakirudisha mezani, akauliza kama hakuna njia ya kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine bila hicho. Nikamwambia ipo, ni kitufe cha Tab. Akasema basi hana shida zaidi.

Hatazami kioo. Macho yako kwenye kadi tu. Anasema kiwandani msimamizi aliwafunika mikono kwa kitambaa, na aliyeinua macho kutazama alichoandika alipelekwa ghalani wiki nzima. Nilimpima kwa saa. Mgonjwa mmoja, sekunde hamsini na mbili. Mimi natumia dakika nne.

Sikumwambia.

Alhamisi, 5 Machi

Nimechapisha wagonjwa ishirini wa kwanza. Kwa mujibu wa karatasi, bibi mmoja ana umri wa Vingujini na anaishi 64. Wenzake kumi na tisa ni vivyo hivyo.

Nilimwendea Bi Twaiba. Nikamweleza kwa adabu kwamba huenda miaka imeanza kumlemea. Hakukasirika. Alisema: "Mwanangu, mimi nimeandika kilichomo kwenye kadi, kwa mpangilio wa kadi. Uliza mashine yako imekipeleka wapi."

Nikamwita Sista ashuhudie. Nilibofya kila kisanduku kwa kipanya, nikaandika. Kila neno lilikaa mahali pake. Ushindi. Kisha Bi Twaiba akaandika kwa Tab, bila kutazama. Umri ukaingia kwenye kijiji, kijiji kikaingia kwenye umri. Sista akasema yeye hana time ya mashindano, anataka list Jumanne.

Ijumaa, 6 Machi

Nimegundua. Kila kisanduku kina namba yake ya foleni, na namba hutolewa kwa zamu ya kuchorwa. Ukikivuta kikakaa kwingine, namba haibadiliki. Kitufe cha Tab kinafuata namba, si mpangilio unaoonekana. Kijiji nilikichora kabla ya umri. Ndiyo hadithi yote.

Nimezibadilisha namba hizo mbili. Nikapitia karatasi tena kutafuta jambo jingine la ajabu. Hakuna. Kwenye sukari kuna sukari, kwenye presha kuna presha. Kwenye visanduku vya macho, kila mgonjwa ana jicho moja lililoandikwa mtoto wa jicho na jingine tupu. Sikumbuki ni jicho gani nililichora kwanza. Nadhani la kushoto. Haidhuru. Maneno yote yana maana.

Nimemwambia Sista kosa lilikuwa la umeme. Bi Twaiba ameambiwa arudie wote ishirini.

Jumamosi, 7 Machi

Bi Twaiba ameniuliza, mbele ya watu wa chumba cha dawa, umeme wa kuhamisha watu vijiji ni umeme wa aina gani. Walicheka. Mchana nimeongeza sheria kwenye programu: kisanduku chochote kikiachwa kitupu, vyote kumi na vinne vinafutika.

Amefutiwa mara sita. Mara ya saba akaanza kuandika "zima" kwenye jicho lisilo na ugonjwa. Hakulalamika. Saa nane aliniuliza kama nimeshakula. Nikasema bado. Akanipa nusu ya kaimati zake.

Nimekula. Sheria imebaki.

Jumatatu, 9 Machi

Wagonjwa wamekuja kupimwa presha. Bi Twaiba ana desturi yake. Huchana leso kuukuu vipande vyembamba, na kila mgonjwa humfunga kipande kimoja kwenye kifundo cha mkono, upande wa jicho bovu. Jicho bovu la kulia, mkono wa kulia. Mwenye yote mawili hufungwa kote. Fundo lake halifunguki kwa vidole; ni la kukatwa.

Nilikwenda kwa Sista. Nilimweleza kwamba Jumamosi wafadhili wanakuja na mpiga picha, na kwamba wagonjwa waliofungwa vitambaa mikononi wataonekana kama waliotoka kwa mganga. Sista alifikiri. Akauliza kama orodha yangu inaonyesha jicho. Nikasema inaonyesha macho yote mawili, kwa kila mgonjwa. Akakubali. Vitambaa vitakatwa Jumamosi asubuhi kabla ya wageni kufika. Mkasi nitashika mimi.

Bi Twaiba alipoambiwa aliniuliza jambo moja tu: umeme ukikosekana siku hiyo, mkono nao utazimika?

Jenereta ipo.

Jumanne, 10 Machi

Orodha imechapishwa. Watu arobaini na mmoja, kurasa tatu. Kompyuta inapanga majina kwa alfabeti, na Dzombo alitoka wa tisa. Nimetafuta njia. Ukiweka nafasi tupu mbele ya jina, kompyuta huihesabu nafasi hiyo kuwa kabla ya A. Nimegonga kitufe kirefu mara moja tu. Mjomba sasa ni wa kwanza.

Sista ameitazama orodha, akasema ni safi. Hakuona nafasi. Nani huona nafasi?

Alhamisi, 12 Machi

Jioni nilikwenda kwa mjomba. Nilimkuta barazani na kofia aliyoianza kabla ya Ramadhani. Zamani alimaliza moja kwa miezi miwili. Aliiweka karibu na jicho la kushoto, karibu kabisa, kama mtu anayenusa. Alinipa sindano nimtungie uzi. Nikamtungia.

Nikamwambia atakuwa wa kwanza. Akauliza nani aliyepanga hivyo. Nikasema kompyuta. Akaomba Mungu aibariki.

Kisha akasema jambo ambalo naliandika kama alivyolisema. "Hili moja likienda, Chirau, sitakuwa mshona kofia. Nitakuwa mzee wa kushikwa mkono kupelekwa msikitini."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Jicho lake limeandikwa.

Jumamosi, 14 Machi

Saa kumi na mbili na nusu wagonjwa walikuwa kwenye mabenchi. Nilipita na mkasi. Arobaini walikatwa vitambaa. Mjomba aliuvuta mkono wake ndani ya kanzu. Nikamwambia ni amri ya Sista. Akasema: "Twaiba ndiye aliyefunga. Twaiba ndiye atakayefungua." Watu walikuwa wanatazama. Nikamwacha.

Mpiga picha alinipiga nikiwa na orodha.

Saa mbili na dakika kumi mjomba aliitwa. Alilazwa mezani. Msaidizi wa daktari alisoma karatasi, akachora alama ya wino juu ya nyusi ya kushoto, akasafisha jicho la kushoto. Nilikuwa mlangoni. Niliona. Najua mjomba anashonea jicho gani. Siku mbili nyuma nilimtungia uzi. Nikadhani labda msaidizi anahesabu kushoto kwake mwenyewe. Nikadhani labda madaktari wana sababu. Karatasi ilikuwa yangu. Niliiamini karatasi.

Sindano ya ganzi ilikuwa tayari. Msaidizi akauvuta mkono wa mjomba autoe kwenye kanzu, aulaze vizuri. Akaona kipande cha leso. Mkono wa kulia.

Akauliza ni nini. Mjomba akasema ni upande wa jicho bovu. Akaulizwa mbona hakusema kitu alipotiwa alama upande wa kushoto. Akasema alidhani alama ni ya jicho la kutoguswa.

Sindano ikarudishwa kwenye sinia.

Daktari alisema yeye mwenyewe angeona kabla ya kukata. Kisha akasema kwamba mahali pengine, mwaka mwingine, daktari mwingine alisema hivyo hivyo. Akaomba mtu amletee kumbukumbu zisizotoka kwenye kompyuta.

Bi Twaiba alikuja na boksi lake. Lilikuwa chini ya meza siku zote. Mimi nilidhani lilishapelekwa stoo. Walilinganisha kadi na orodha, mtu kwa mtu. Wagonjwa thelathini na sita walikuwa wamebadilishwa jicho. Watano walikuwa sahihi, kwa sababu wanaugua yote mawili.

Ilichukua saa moja na nusu. Arobaini walikuwa hawana tena vitambaa. Bi Twaiba alivua leso aliyokuwa amejitanda mabegani, mpya, ya maua mekundu, akaichana. Alipita benchi hadi benchi na kadi mkononi, akamuuliza kila mtu, akafunga. Nilijitolea kushika mkasi. Akasema nimeshaushika vya kutosha.

Wote arobaini na mmoja walipasuliwa jicho linalostahili. Wa mwisho alitoka saa kumi na moja jioni. Siku nzima mtu mmoja tu alisema nami, mpiga picha. Alitaka kujua cheo changu.

Jumatatu, 16 Machi

Jana mjomba alifunguliwa bendeji. Nilikwenda. Alinitazama muda mrefu kwa jicho la kulia, akasema kumbe nimeota ndevu, na hazijanikaa. Haruhusiwi kushona kwa wiki kadhaa, lakini kofia alikuwa ameishika. Alinionyesha safu tatu alizokosea alipokuwa akitumia jicho moja. Atazifumua. Anasema mtu akishaona kosa hawezi tena kulivaa.

Kipande cha leso hakikuwapo mkononi. Bi Twaiba alikuwa ameshapita.

Kisha mjomba akaniuliza kwa upole: "Siku ile, Chirau, wewe ulikuwa mlangoni?"

Nikasema ndiyo.

Akarudi kuitazama kofia. Chai ililetwa, tukanywa. Hakuliuliza tena.

Leo Sista ameniita. Bi Twaiba ameombwa abaki mpaka Desemba, amekubali. Mimi nitakaa kiti cha pembeni mwa meza yake, nijifunze kadi na nijifunze kufunga fundo. Feni haifiki pembeni. Kambi zote zitatumia kadi, na vitambaa havikatwi ila na daktari.

Niliwasilisha ripoti yangu, ukurasa mmoja. Nilieleza kwamba visanduku viwili vya macho vilichorwa cha kushoto kwanza, kwa hiyo Tab ilipeleka jicho la kulia kwenye kushoto na la kushoto kwenye kulia, na kwamba mwandikaji hakutazama kioo. Niliongeza kwamba lau nisingemweka mjomba wangu awe wa kwanza, kosa lisingegunduliwa kwa mgonjwa wa kwanza. Sista aliisoma mara mbili. Akauliza kama hiyo ni apology. Nikasema ni ukweli. Akaiweka kwenye faili.

Nimepata habari kwamba mwezi wa Agosti watakuja madaktari wa meno.

Mtu mzima ana meno thelathini na mawili. Nimechora visanduku thelathini na viwili, kimoja kwa kila jino. Nilianzia magego ya chini kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yananiuma, kisha ya mbele, kisha yaliyobaki. Nimevivuta vikakaa duara kama kinywa kilicho wazi. Ni kazi nzuri kuliko ile ya macho.

Nimemwonyesha Bi Twaiba. Kwa mara ya kwanza alikitazama kioo, akakitazama vizuri. Akasema jino halifungiki leso. Nikamwambia ndiyo maana kompyuta inahitajika.

Nimejaribu vyote thelathini na viwili kwa kipanya. Kila jino limekaa mahali pake.